Gari Lisilofika Sokoni

Imekuwa desturi ya walimwengu kukipima kila kitu kwa wingi wake sokoni. Kikinunuliwa na maelfu husemwa kimefaulu. Kisiponunuliwa husemwa kimekufa, na aliyekibuni hupewa pole kama mtu aliyefiwa. Katika safu ya leo tumekusudia kusimulia habari za gari moja la umeme, gari la mbio lenye viti viwili, lililoundwa katika karakana ndogo huko California, Marekani. Jina lake liliitwa tzero. Yaliundwa matatu tu, na kiwanda cha kuliunda kwa wingi hakikujengwa kamwe. Anayeuliza faida yake kwa hesabu ya duka atapata jawabu dogo mno. Lakini anayeuliza magari ya umeme yanayojaa leo katika barabara za dunia yametoka wapi, njia itamrudisha katika karakana ile ile.

Tunaisimulia habari hii kwa ajili ya mafundi wetu, ambao kazi zao aghalabu hutazamwa kwa jicho la pembeni. Tunaisimulia pia kwa ajili ya viongozi waliopewa dhamana ya kuamua ni kazi ipi isaidiwe na ipi iachwe ijifie.

Chanzo cha mambo ni gari la jua. Mwaka 1987 yalifanyika huko Australia mashindano ya kwanza ya magari yanayoendeshwa kwa nguvu za jua, kutoka Darwin kaskazini hadi Adelaide kusini, mwendo wa kilomita zaidi ya 3,000. Kampuni kubwa ya General Motors ilishirikiana na kampuni ndogo ya AeroVironment, iliyoongozwa na mhandisi Paul MacCready, kuunda gari lililoitwa Sunraycer. Gari hilo lilishika nafasi ya kwanza kwa mwendo wa wastani wa kilomita 67 kwa saa, na likawaacha wenzake mbali sana. Miongoni mwa walioshiriki kuliunda alikuwemo fundi wa elektroniki aitwaye Alan Cocconi, mtu asiyependa makuu, aliyezoea kushinda mezani kwake na vyuma vya kuunganishia nyaya.

Baada ya ushindi huo, wahandisi wale wale walipewa kazi ya kuunda gari la umeme la kawaida, la kutumiwa na watu barabarani. Gari hilo, lililopewa jina la Impact, lilionyeshwa Los Angeles mwezi Januari 1990. Ili msomaji aelewe mchango wa Cocconi, yafaa tueleze jambo moja. Umeme utokao katika betri huenda upande mmoja tu, kama maji ya mfereji. Lakini mota iliyo bora kwa gari, nyepesi na isiyochakaa upesi, hutaka umeme unaokwenda na kurudi, kama ule tunaoupata majumbani. Hivyo baina ya betri na mota lazima kiwepo chombo cha kuubadili umeme, mfano wa mkalimani anayekaa baina ya watu wawili wasiojua lugha moja. Chombo hicho huitwa inveta. Zamani inveta zenye nguvu ya kusukuma gari zilikuwa nzito na ghali. Cocconi alibuni inveta nyepesi iliyoweza kufanya kazi hiyo, na hapo mlango uliokuwa umefungwa ukafunguka.

Serikali ya jimbo la California nayo haikukaa kimya. Mwaka huo huo wa 1990, Bodi ya Rasilimali za Hewa ya jimbo hilo ilipitisha kanuni kwamba, ifikapo mwaka 1998, asilimia 2 ya magari yatakayouzwa na makampuni makubwa katika jimbo hilo yawe hayatoi moshi kabisa, na ifikapo mwaka 2003 kiwango hicho kifike asilimia 10. Makampuni yalilalamika, yakapinga, na mwaka 1996 sharti la mwaka 1998 likaondolewa. General Motors ilikuwa imekwisha kulifanya gari la Impact kuwa gari kamili lililoitwa EV1. Yaliundwa 1,117, yakakodishwa kwa wananchi bila ya kuuzwa, na mwaka 2003 mpango wote ukafungwa. Magari yakakusanywa, na mengi yakapondwapondwa yakawa chuma chakavu, ilhali baadhi ya waliokuwa wakiyatumia walikuwa radhi kuyanunua.

Cocconi hakungoja mwisho huo. Mwaka 1992, yeye na wenzake wachache walianzisha kampuni yao katika mji mdogo wa San Dimas, wakaiita AC Propulsion. Biashara yao ilikuwa kuunda mitambo ya umeme ya kuendeshea magari na kuwauzia wengine. Mtambo wao mashuhuri uliitwa AC-150, na nguvu zake zilikuwa kilowati 150, yaani nguvu za farasi 200. Ulikuwa mtambo mzuri, lakini ulikabiliwa na adui asiyeshindwa kwa hesabu za karatasini, nayo ni dharau. Kwa wakati ule, ukimtajia mtu gari la umeme, mawazo yake yalikwenda kwenye vigari vya kuchezea gofu, au vile vya Uingereza vilivyokuwa vikisambaza maziwa alfajiri kwa mwendo wa taratibu. Nani angeamini kwamba kitu cha namna hiyo kinaweza kushindana na gari la petroli?

Basi mafundi wale wakaamua kuijibu dharau kwa vitendo. Walichukua bodi nyepesi ya faibaglasi, iliyokuwa ikiuzwa kwa watu wanaopenda kujiundia magari, wakaifunga mtambo wao, wakaipakia betri 28 za risasi na asidi, na mwaka 1997 wakalitoa gari hadharani. Jina la tzero lilitokana na hesabu: herufi t huwakilisha wakati, na sifuri ni nukta ya mwanzo kabisa, pale saa inapoanza kuhesabu. Lilikuwa jina la majivuno kidogo, lakini gari lenyewe lililistahili. Kutoka kusimama hadi mwendo wa karibu kilomita 97 kwa saa lilihitaji chini ya sekunde 5. Magari ya petroli yenye majina makubwa na bei kubwa zaidi yalishindanishwa nalo katika masafa mafupi, nayo yakaachwa nyuma. Hapakuwa na ngurumo wala moshi. Waliosimama kando ya njia walisikia mlio wa magurudumu na upepo tu.

Siri yake si uchawi. Injini ya petroli haina nguvu inapozunguka polepole. Lazima kwanza ipandishwe kasi, na ndiyo maana gari hutiwa gia nyingi. Mota ya umeme hutoa nguvu yake kubwa tangu inapoanza kuzunguka, hivyo tzero lilikuwa na gia moja tu ya kwendea mbele. Dereva alipoachia mafuta, kama tulivyozoea kusema hata pale ambapo mafuta hayamo, mota iligeuka kuwa jenereta, ikapunguza mwendo na kurudisha umeme betrini. Kwa hiyo mteremko ambao gari la petroli huuteketeza kwa breki, gari hili liliufanya akiba.

Jambo la tatu ndilo tunaloomba msomaji wa visiwani alitie moyoni, maana tutalirudia. Magari mengi ya umeme yalihitaji chaja ya peke yake. Cocconi aliona kwamba inveta na nyaya za mota vilikuwa tayari ndani ya gari, na kwamba vinaweza kuifanya kazi ya chaja gari linaposimama. Hivyo chombo kimoja kikafanya kazi mbili, na uzito na gharama vikapungua. Isitoshe, kwa kuwa chombo hicho kiliweza kuupitisha umeme pande zote mbili, gari lingeweza kutoa umeme wake na kuurudisha katika nyaya za nyumba au za mji. Mwaka 2002 kampuni hiyo ilikamilisha ripoti kwa ile Bodi ya California, ikionyesha kwa majaribio ya gari halisi kwamba jambo hilo linawezekana.

Lakini hakuna kizuri kisicho na ila. Ila ya tzero ilikuwa betri zake. Risasi ni nzito, na kila mtu aliyewahi kubeba betri ya gari anajua. Kwa mzigo huo, gari lilikwenda kilomita 130 hadi 160 tu, kisha likahitaji kuchajiwa. Kwa safari ndefu mafundi walibuni hata tela dogo lenye jenereta, la kuvutwa nyuma na kuzalisha umeme njiani. Ilikuwa werevu, lakini werevu wa mtu anayeziba pengo.

Kwa nini basi gari hilo halikuundwa kwa wingi? Wapo wapendao hadithi za njama, wakadai kwamba kila chema kilichopotea kimepotezwa na matajiri wa mafuta. Kwa habari ya tzero, ukweli ni wa kawaida zaidi, na kwa sababu hiyo una mafunzo zaidi. Kuunda gari moja ni kazi ya fundi. Kuunda magari elfu ni kazi ya kiwanda. Sheria za Marekani zinadai gari linalouzwa kwa umma lipite majaribio ya kugongwa, liwe na vifaa vya kumlinda abiria, na litimize masharti mengi ambayo gharama yake ni mamilioni ya dola kabla ya gari la kwanza kuuzwa. Karakana ya San Dimas haikuwa na fedha hizo. Tena kila gari lilikuwa kazi ya mkono, na lingeuzwa kwa bei ambayo ni matajiri wachache tu wangeimudu. Wenye kampuni waliona ni salama zaidi kuendelea kuuza mitambo kuliko kuzama katika bahari wasiyoijua kina chake.

Hapo ndipo wakaja wageni. Mmoja alikuwa Martin Eberhard, mhandisi ambaye pamoja na mwenzake Marc Tarpenning alikuwa ameunda kitabu cha kielektroniki cha kusomea mkononi. Katika kazi hiyo walikuwa wamejifunza tabia za betri ndogo za lithiamu, zile zilizokuwa zikitumika katika kompyuta mpakato. Kila betri ni kijisilinda chenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, kikubwa kidogo tu kuliko betri ya tochi ndogo. Kwa kuwa viwanda vya kompyuta vilikuwa vikizinunua kwa mamilioni, zilizidi kuwa nafuu na bora mwaka hadi mwaka. Wazo la kuzitumia garini lilikuwa limekwisha kuzungumzwa karakanani; Eberhard akatoa fedha zake kulisaidia litimie.

Mwaka 2003 tzero moja likatolewa betri za risasi, likatiwa takriban betri ndogo 6,800 za lithiamu. Uzito wa gari ukapungua kwa zaidi ya kilo 200. Muda wa kufikia kilomita 97 kwa saa ukashuka hadi sekunde 3.6 hivi. Na masafa, ambayo ndiyo yalikuwa kidonda, yakapanda hadi kilomita zipatazo 480 kwa chaji moja. Gari lile lile, mtambo ule ule, bodi ile ile. Kilichobadilika ni akiba ya umeme. Kwa badiliko hilo moja hoja ya kwamba gari la umeme haliwezi kwenda mbali ikawa imejibiwa, si kwa maneno, bali kwa gari lililokuwa likipita barabarani.

Eberhard aliwaomba wenye karakana waliunde gari hilo kwa ajili ya kuuza. Hawakukubali, wala hawakumfungia mlango. Mwezi Julai 2003 yeye na Tarpenning wakaanzisha kampuni yao wenyewe, wakaiita Tesla, nao wakapata leseni ya kutumia ufundi wa AC Propulsion kwa malipo. Muda si muda akatokea mgeni mwingine, tajiri aitwaye Elon Musk, ambaye alilijua tzero kwa njia ya mhandisi kijana J. B. Straubel. Musk alilijaribu gari, akalipenda, naye pia akawasihi walifanye biashara. Tom Gage, kiongozi wa AC Propulsion, hakuwa na nia hiyo. Mawazo yake yalikuwa katika gari la kawaida la matumizi ya kila siku, ambalo walilibadili kuwa la umeme na kuliita eBox. Lakini alifanya jambo moja la kiungwana: alimkutanisha Musk na kundi la Eberhard. Mwezi Februari 2004 Musk akatia dola milioni 6.5 katika kampuni changa ya Tesla. Yaliyofuata dunia inayajua.

Ingekuwa rahisi kusema hapa kwamba mafundi wa San Dimas walikuwa wajinga, wakaiachia bahati iteleze mkononi kama samaki. Sisi hatukubaliani na hukumu hiyo. Gari la kwanza la Tesla, lililoitwa Roadster, lilionyeshwa mwezi Julai 2006, lakini wateja hawakuanza kulipokea hadi mwaka 2008. Katika kipindi hicho waundaji wake walikutana na kila tabu ambayo wenye karakana waliihofu. Sehemu nyingi za ufundi walioununua zililazimika kubuniwa upya, kwa kuwa kilichorekebishwa kwa mkono wa fundi mmoja hadi kikakaa sawa hakikuweza kurudiwa mamia ya mara kiwandani. Gia za mwendo wa ngazi mbili zilivunjika mara kwa mara, mwishowe wakarejea kwenye gia moja, kama ya tzero. Gharama zilipita makadirio. Eberhard mwenyewe aliondolewa uongozini mwaka 2007, kabla hata gari la kwanza halijamfikia mteja. Roadster zilizoundwa hadi mwaka 2012 zilikuwa takriban 2,450 tu.

Na kampuni hiyo isingevuka bila ya mkono wa umma. Mwezi Januari 2010 Serikali ya Marekani, kwa kupitia Wizara yake ya Nishati, ilitia saini ya kuikopesha dola milioni 465 kwa ajili ya gari lililofuata, na mwezi Mei 2013 deni hilo likalipwa lote kabla ya wakati wake. Mwezi Machi 2020 kampuni ikatangaza kwamba imekwisha kuunda gari lake la milioni moja. Kutoka magari matatu hadi milioni moja ni miaka 23.

Kwa hiyo wote wawili walikuwa na haki. Fundi alisema kweli alipoogopa kazi ya kiwanda, na mfanyabiashara alisema kweli alipoona kwamba kiwanda chaweza kusimama. Musk mwenyewe amekiri hadharani zaidi ya mara moja deni alilonalo kwa gari hilo. AC Propulsion ilipata malipo ya leseni, na mitambo yake ikatumika katika mamia ya magari ya Mini E ambayo BMW iliyatoa kwa majaribio kuanzia mwaka 2009. Ama Cocconi, hakuonekana kusikitika: mwezi Juni 2005 alikuwa jangwani akirusha ndege ndogo isiyo na rubani, inayoendeshwa kwa jua, ambayo ilikaa angani saa 48 mfululizo. Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Sasa tuseme nasi yatupasayo. Habari hii ina mafunzo kwa wenye mamlaka, na ya kwanza ni kwamba kielelezo kisihukumiwe kwa kipimo cha bidhaa. Mara ngapi kijana wa chuo cha ufundi ameonyesha mashine yake katika maonyesho, akaulizwa swali moja tu, “Utauza ngapi?”, na aliposita akarudi nyumbani na mashine yake ikaota kutu? Swali lililo sahihi kwa kielelezo ni hili: kimethibitisha nini ambacho jana hakikujulikana? Tzero lilithibitisha kwamba umeme unaweza kuipita petroli. Kwa uthibitisho huo magari matatu yalitosha.

La pili ni daraja. Baina ya fundi aliyeunda kimoja na kiwanda kinachounda elfu kuna bonde, na watu wengi wema wamefia bondeni humo. Fundi hawezi kulivuka peke yake, wala haifai kumlaumu kwa kutolivuka. Kazi ya serikali, ya mabenki na ya vyuo ni kuhakikisha kwamba fundi anakutana na mwenye mtaji, mwenye mtaji anakutana na anayejua sheria, na kwamba anayetoa ufundi wake analipwa kwa mkataba ulioandikwa. Tazama alichofanya Gage: hakuunda gari, lakini aliwakutanisha watu wawili. Ofisi inayoweza kufanya hilo, hata kama haina fungu kubwa, imekwisha fanya kazi kubwa.

La tatu ni uthabiti wa kanuni. California ilitunga kanuni ya kijasiri mwaka 1990 na ikailegeza kabla ya saa yake. Waliokuwa wamewekeza kwa kuiamini waliumia, na waliongoja ibatilike walinufaika. Serikali isiahidi kwa ukali kisha ikatekeleza kwa ulegevu. Ni heri kanuni ndogo inayodumu kuliko kubwa inayobadilika kila pepo zinapogeuka, maana mwenye jahazi hutia shehena kwa kuujua msimu.

Tulisema tutarudi kwenye jambo la umeme kwenda pande mbili. Sisi wa visiwani tuna sababu zetu za kulifikiria. Unguja hupata umeme wake kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, wa kwanza ukiwa wa mwaka 1980. Hakuna asiyekumbuka kilichotokea mwaka 2008, mji ulipokaa gizani karibu mwezi mzima kuanzia Mei hadi Juni, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu ya giza, maji yakiwa ya shida kwa sababu pampu hazikuzunguka, na samaki wakioza kwa kukosa barafu. Baadaye Pemba ilipata waya wake kutoka Tanga mwaka 2010, na Unguja ikapata waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 mwaka 2013. Tunashukuru. Lakini kisiwa kinachotegemea kamba moja, hata ikiwa nene vipi, hakina budi kufikiria akiba.

Betri za tzero lile la mwaka 2003 ziliweza kuhifadhi, kwa kukadiria, karibu uniti 50 za umeme. Nyumba inayotumia uniti 5 kwa siku ingekaa na taa na jokofu siku 10 kwa akiba ya gari moja lililoegeshwa kibarazani. Hatusemi kwamba magari yatachukua nafasi ya waya. Hiyo ingekuwa ndoto. Wala hatusemi kila mwananchi akimbilie kununua gari la aina hiyo, maana bei zake bado ni nzito kwa wengi wetu. Tunasema tu kwamba kituo cha afya, pampu ya maji, au chumba cha barafu cha wavuvi, kikiwa karibu na gari la namna hiyo au na betri zake zilizochoka kwa safari lakini hazijachoka kwa taa, kitapata pumzi siku ya dhiki. Na masafa hayatutishi: Unguja kwa urefu haizidi kilomita 85 hivi, na Pemba ni fupi zaidi. Hata tzero la betri za risasi, lililodharauliwa kwa kutokwenda mbali, lingetoka ncha hii ya kisiwa hadi ile na kubakiwa na akiba.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika watazame mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wao. Vyuo vyetu vya ufundi vifundishe ukarabati wa mota, inveta na betri hizo mapema, kabla magari hayajajaa na mafundi wakabaki kutazama boneti zilizofungwa. Na zinapoandikwa kanuni za uingizaji wa magari ya umeme, lijadiliwe pia suala la yale yanayoweza kurudisha umeme majumbani, kwa usalama wa mafundi wa nyaya na kwa manufaa ya mwenye nyumba. Kanuni isipoandikwa mapema, huja kuandikwa na mzoea.

Gari la tzero halikupata kiwanda. Magari matatu ni machache hata kwa kuhesabia vidole vya mkono mmoja. Lakini lilitoka nje, likaendeshwa na kila aliyetaka kulijaribu, na waliolijaribu wakaondoka na jambo ambalo hawakuweza kulisahau. Kielelezo kilichofichwa stoo hakimzalii mtu. Kilichoendeshwa mbele ya macho ya watu huzaa, hata kama waliokiunda hawakuwa ndio waliovuna. Kama ipo leo katika karakana yoyote ya visiwa hivi mashine ambayo fundi wake anaona haya kuionyesha kwa kuwa ni moja tu, tunamsihi aitoe nje. Na kama yupo afisa ambaye mashine hiyo itapita mbele ya meza yake, tunamsihi anyanyuke aende akaione ikifanya kazi, kabla hajatia saini ya kukataa.